Kabla Hujaiamini Namba: Majibu kwa Wanafunzi wa Kemia wa Uzamili

Barua za toleo hili zimetoka Morogoro, Nairobi, Arusha, Dodoma, Kisumu, Bukavu na Kampala. Matawi ya kemia yanatofautiana, lakini karibu kila mwandishi amekwama mahali pamoja: ana matokeo mkononi na hajui kama ayaamini. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha yaende urefu unaohitajika.

SWALI: Nachambua magome ya mti wa dawa kwa tasnifu ya uzamili. Nina gramu 5 za ekstrakti ghafi. Nimepanga safu ya silika (bomba lililojazwa unga wa silika, la kutenganishia viambata) mara tatu, na mara zote imepasuka katikati. Rangi zinashuka zimechanganyika, na chupa ninazokusanya zinaonyesha madoa yaleyale. Msimamizi anasema "rudia". Nirudie nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usirudie ulichokwisha kufanya. Anza na sababu ya mpasuko. Silika hutoa joto inapokutana na kiyeyushi chenye upolari mkubwa. Ukitoka kwenye heksani tupu ukamimina ethili asetati tupu, joto hilo huchemsha kiyeyushi ndani ya safu, mapovu huzuka na silika hupasuka. Panda ngazi kwa hatua ndogo: asilimia 5 ya ethili asetati, kisha 10, 15, 20, na kuendelea. Sababu ya pili ni kuacha kiyeyushi kishuke chini ya uso wa silika, hata kwa dakika moja ya kwenda kupokea simu. Ya tatu ni hali ya hewa yetu. Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 na dayethili etha kwenye 35. Mchana wa Januari, katika maabara isiyo na kiyoyozi, viyeyushi hivyo vinakaribia kuchemka vyenyewe. Heksani huchemka kwenye 69 na ethili asetati kwenye 77, kwa hiyo jozi hiyo ndiyo salama zaidi kwako. Ukilazimika kutumia dikloromethani, fanya kazi asubuhi na mapema.

Sasa vipimo. Kwa gramu 5 za ekstrakti ghafi chukua gramu 150 za silika ya mikromita 40 hadi 63, yaani mara 30 ya uzito wa sampuli. Silika hiyo itachukua kama mililita 300, na katika safu yenye kipenyo cha sentimita 4 itasimama kama sentimita 24. Ikoroge kwanza na heksani kwenye bikari mpaka iwe uji mwepesi usio na mapovu, uimimine kwa mkupuo mmoja, kisha ugongegonge safu kwa mpira wakati inatulia. Juu yake weka sentimita moja ya mchanga safi.

Sampuli usiimimine ikiwa majimaji, maana ekstrakti za magome haziyeyuki vizuri kwenye heksani na zitaganda juu kama lami. Iyeyushe kwenye asetoni, changanya na gramu 10 za silika, kisha uvukize kwa rotavapa (kifaa cha kuvukizia viyeyushi) mpaka upate unga mkavu unaotiririka kama chumvi ya mezani. Unga ukiwa bado unashikamana, asetoni imebaki, na asetoni hiyo itasukuma kila kitu chini kwa pamoja. Tunadhani hili ndilo linalokupa madoa yaleyale kwenye kila chupa.

Kosa jingine la kawaida ni kuchagua kiyeyushi kinachopandisha madoa juu sana kwenye TLC, yaani bati jembamba la silika la kujaribia. Kitu chenye Rf (umbali wa doa gawanya kwa umbali wa kiyeyushi kwenye bati) ya 0.25 hutoka baada ya ujazo 4 wa kiyeyushi kilichomo ndani ya safu, kwa sababu hesabu yake ni 1 gawanya kwa Rf. Chenye 0.20 hutoka baada ya ujazo 5. Kati yao kuna ujazo mzima wa kutenganisha. Lakini vitu viwili vyenye Rf 0.8 na 0.7 hutoka kwenye ujazo 1.25 na 1.43, karibu pamoja, ingawa machoni pako madoa yao yameachana zaidi. Tafuta mchanganyiko unaoweka doa lako kati ya 0.2 na 0.35.

Madoa yasiyoonekana chini ya taa ya nanometa 254 yapulizie vanilini: gramu 6 kwenye mililita 100 za ethanoli, ongeza mililita 1 ya asidi ya sulfuriki kolezo, kisha pasha bati moto mpaka rangi itokee. Fanya hivyo ndani ya kabati la kuvuta hewa. Doa likiburuta mkia, ongeza asilimia 1 ya asidi ya asetiki ikiwa unashuku asidi, au asilimia 1 ya trayethilamini ikiwa unashuku alkaloidi.

Jaribio moja ambalo wanafunzi wengi hawalifanyi lingewaokolea miezi. Weka doa kwenye kona ya bati la mraba, lipandishe, likauke, geuza bati robo mzunguko, lipandishe tena kwa kiyeyushi kilekile. Vitu vinavyovumilia silika vitakaa kwenye mstari wa mshazari. Doa lililo nje ya mstari huo ni kitu kilichovunjika kikiwa juu ya silika, na safu ndefu itakiharibu zaidi. Hapo hamia kwenye safu ya Sephadex LH-20, jeli inayotenganisha zaidi kwa ukubwa wa molekuli, kwa mchanganyiko sawa wa dikloromethani na methanoli. Jeli hiyo pia husaidia kuondoa klorofili kama umechanganya majani.

SWALI: Sampuli yangu ilipelekwa nje ya nchi kwa NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli). Spektra imerudi ikiwa na vilele vikubwa kwenye 1.26, 2.05 na 4.12, na vingine kwenye 7.53 na 7.70. Nimeanza kuandika kwamba nimepata esta mpya yenye mduara wa benzini. Je, niendelee?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Simamisha kuandika. Vilele vya 1.26, 2.05 na 4.12 ndani ya kloroformu yenye deuteriamu ni ethili asetati, kiyeyushi chako mwenyewe. Angalia maumbo yake: cha 4.12 kimegawanyika mara nne, cha 1.26 mara tatu, na cha 2.05 kimesimama peke yake, kwa uwiano wa protoni 2, 3 na 3. Vya 7.53 na 7.70, vikiandamana na vingine karibu na 4.2 na 0.9, ni thaleti, dawa ya kulainisha plastiki. Hutoka kwenye mipira ya rotavapa, vifuniko, na madumu ya plastiki ya kuhifadhia viyeyushi. Kwenye spektra ya masi ya kugonga elektroni thaleti hujitaja yenyewe kwa kilele cha 149. Zipo ripoti nyingi za "mimea yenye thaleti", na mtahini makini huzitilia shaka tangu ukurasa wa kwanza.

Utaondoaje? Ethili asetati haikauki kwa urahisi ndani ya sampuli yenye mnato. Iyeyushe sampuli kwenye kloroformu kidogo, vukiza, rudia mara mbili au tatu, kisha iache kwenye pampu ya vakyumu usiku kucha. Usidharau mabaki hayo: kama molekuli yako ina uzito wa 400 na kuna molekuli moja ya ethili asetati kwa kila moja yako, basi asilimia 18 ya ulichopima kwenye mizani ni kiyeyushi. Thaleti haitavukizika hivyo. Tonesha upya viyeyushi vyako, yaani vichemshe na kuupoza mvuke wake uwe majimaji tena, kwa kutumia vyombo vya kioo, hifadhi kwenye chupa za kioo, na upitishe sampuli kwenye safu ndogo kwa mara nyingine. Kabla ya hapo vukiza mililita 200 za kiyeyushi peke yake na upige spektra ya kilichobaki. Hiyo ndiyo blanki yako, na matokeo yake yaingie kwenye tasnifu.

Kwa safari ijayo tuma miligramu 5 hadi 10 kwa ajili ya protoni, na 20 hadi 30 kama unataka kaboni-13 kwa muda mfupi wa mashine. Kama huna kiasi hicho, omba HSQC na HMBC, aina za NMR ambazo huzisoma kaboni kupitia protoni na hudai sampuli kidogo zaidi. Tuma kitu kikavu kwenye kichupa cha kioo, si mmumunyo. Kumbuka pia kwamba kloroformu yenye deuteriamu iliyokaa muda mrefu huwa na asidi kidogo, na asidi hiyo hufungua epoksidi na kuhamisha viunganisho maradufu vya baadhi ya terpeni. Kuipitisha kwenye alumina ya kibesi ndani ya pipeti kabla ya kuyeyusha sampuli ni kazi ya dakika mbili.

SWALI: Napima floridi kwenye maji ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru. Elektrodi yangu inatoa namba zinazotangatanga, na maabara nyingine imepata viwango vya juu kuliko vyangu kwa sampuli zilezile. Nani amekosea?
Msomaji, Arusha

JIBU: Tunafurahi umeuliza kabla ya kuwasilisha, kwa sababu kwenye eneo lako namba hii ina watoto nyuma yake. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya miteremko ya volkano hiyo huvuka kiwango hicho mahali pengi, na kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikishughulika na kuyaondoa madini hayo kwa mkaa wa mifupa. Ukikosea kwa kushusha, mtu ataambiwa anywe maji yasiyofaa.

Elektrodi ya floridi ina fuwele ya lanthanamu floridi. Inaona ioni huru ya floridi tu. Floridi iliyoshikwa na aluminiamu au chuma haionekani, na kwenye asidi kali hujificha ndani ya HF, ambayo pKa yake ni kama 3.2. Kwenye besi kali, ioni za hidroksidi huidanganya fuwele ikadhani ni floridi. Ndiyo maana tunaongeza TISAB, mmumunyo unaotuliza pH na kuiachia floridi iwe huru. Kwa lita moja: kwenye mililita 500 za maji yaliyotoneshwa weka mililita 57 za asidi ya asetiki tupu, gramu 58 za sodiamu kloridi na gramu 4 za CDTA (kemikali inayoshika metali). Poza chombo kwenye maji, ongeza sodiamu hidroksidi taratibu mpaka pH ifike kati ya 5.0 na 5.5, kisha jaza mpaka lita moja. CDTA ndiyo inayoinyang'anya aluminiamu floridi yake. Wanaoiacha kwa kuwa ni ghali hupata namba za chini, na huenda hiyo ndiyo tofauti kati yenu.

Kuna jambo jingine la maji ya huko. Mengi yamejaa sodiamu bikabonati. Ukichanganya mililita 25 za sampuli na 25 za TISAB, usidhani pH imetulia: ipime. Sampuli yenye bikabonati nyingi, mathalani kutoka upande wa maziwa ya Momella, inaweza kuishinda TISAB, na hapo utapata mapovu ya kaboni dayoksaidi na pH inayopanda juu ya 5.5. Sampuli za namna hiyo zizimue kwanza kwa maji yaliyotoneshwa, mara 10 au zaidi, ndipo uchanganye.

Mmumunyo mama unatengenezwa kwa gramu 2.210 za sodiamu floridi iliyokaushwa saa 2 kwenye nyuzi 105, ikayeyushwa mpaka lita moja. Huo una miligramu 1000 za floridi kwa lita. Utunze kwenye chupa ya plastiki, na kazi yote uifanye kwenye bikari za plastiki. Tengeneza viwango vya 0.2, 0.5, 1, 2, 5 na 10, kila kimoja kikichanganywa na TISAB sawasawa na sampuli. Pima kutoka cha chini kwenda cha juu. Chora milivolti dhidi ya logi ya msingi wa 10, nawe utapata mteremko wa karibu −59 kwa nyuzi 25. Kati ya −54 na −60 endelea. Ukipata karibu na −26, elektrodi ni nzima: umetumia logi asilia kwenye kompyuta.

Kutangatanga kwa namba mara nyingi kunatokana na joto. Kikorogeo cha sumaku hupata moto na kuipasha bikari. Weka kipande cha boksi au sponji katikati. Viwango vilivyotoka kwenye friji na sampuli zilizotoka kwenye buti la gari vipumzike pamoja mpaka vilingane. Makosa ya milivolti 1 tu ni kama asilimia 4 ya jibu, kwa hiyo pia angalia povu la hewa chini ya fuwele, na uipe elektrodi dakika kadhaa kwenye viwango vya chini, maana huko husoma polepole.

Kisha mfanye jaribio litakaloamua ugomvi wenu. Chukua mililita 50 za sampuli, ongeza mililita 0.5 za mmumunyo wa miligramu 100 kwa lita. Umeongeza karibu miligramu 1.0 kwa lita. Maabara itakayoirudisha nyongeza hiyo kati ya asilimia 90 na 110 ina kipimo cha kutegemewa zaidi. Lakini tahadhari: floridi unayoongeza iko huru, na ile iliyofungwa na aluminiamu inaweza kubaki imefungwa. Kama nyinyi wawili mmefaulu na bado mnatofautiana, linganisheni mapishi ya TISAB.

SWALI: Nimepata nafasi ya PhD ya kemia Marekani, kuanzia Agosti. Wameniandikia kuhusu mitihani ya kupimwa siku za mwanzo, katika matawi manne. Nikifeli nitarudishwa nyumbani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa kawaida hapana. Mitihani hii hutumika kukupanga kwenye kozi. Tawi ulilofanya vibaya, unaweza kutakiwa kusoma kozi ya shahada ya kwanza au kurudia mtihani. Soma barua yako ya udahili, kwa sababu kila idara ina kanuni zake. Idara nyingi hutumia mitihani ya kuchagua jibu ya Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Usiichanganye na mtihani wa GRE wa somo la kemia, ambao ulisitishwa mwaka 2023.

Kwenye kemia kaboni, kariri pKa chache na uzitumie kutabiri mwelekeo wa mmenyuko: asidi za kaboksili 5, fenoli 10, alkoholi 16, protoni za pembeni mwa ketoni 20, alkaini za mwisho 25, amini 38. Kwenye isokaboni, uweze kuhesabu elektroni 18 kwa haraka na kutambua kundi la ulinganifu wa molekuli. Kemia fizikia ndiyo inayowaangusha wengi waliosomea kwetu, si kwa ugumu wake bali kwa sababu hesabu ya kalkulasi hukaa bila kutumika miaka miwili. Rudia chembe ndani ya kisanduku, mgawanyo wa Boltzmann na nguvu huru ya Gibbs kwa kalamu, bila kikokotoo cha simu. Changanuzi ni msawazo wa asidi na besi, makosa ya vipimo na kromatografia.

Mitihani hiyo usiipe uzito wa kupita kiasi. Mtihani mzito ni ule wa kuwa mtahiniwa rasmi wa PhD, mara nyingi mwaka wa 2, ambapo utasimama mbele ya kamati na kutetea mpango wa utafiti.

SWALI: Mtahini ameikataa sura yangu ya kuondoa risasi kwenye maji kwa maganda ya ndizi. Anasema kinetiki "haithibitishi chochote" ingawa R² yangu ni 0.999, na kwamba ΔG yangu ina alama isiyo sahihi. Naona kama ananionea.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hakuonei, ndugu yetu, na ni vizuri yamekukuta kabla ya kuchapisha. Umechora t/q dhidi ya t, ambapo t ni muda na q ni kiasi cha risasi kilichonaswa na kila gramu ya maganda. Muda umo kwenye mihimili yote miwili. Baada ya msawazo q haibadiliki tena, kwa hiyo t gawanya kwa namba isiyobadilika itakupa mstari mnyoofu hata kama hujui lolote kuhusu kasi. Vipimo vyako vingi vikiwa baada ya dakika 60 wakati maganda yalishashiba dakika ya 20, R² ya 0.999 inakuambia tu kwamba umefika mwisho. Rudia ukichukua vipimo kwenye dakika 1, 2, 3, 5, 8, 12 na 20, kisha linganisha modeli kwa kuzilaza moja kwa moja juu ya mchoro wa q dhidi ya t, bila kuunyoosha. Onyesha masalio, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari. Na hata modeli ya daraja la pili ikishinda, haithibitishi kwamba kilichotokea ni kiunganisho cha kikemia.

Alama ya ΔG, yaani badiliko la nguvu huru ya Gibbs, ni suala la vizio. Tuseme K ya Langmuir (kigezo cha jinsi maganda yanavyoishika risasi) uliyopata ni lita 0.05 kwa miligramu. Ukiiweka hivyo kwenye −RT ln K kwa kelvini 298 unapata +7.4 kilojuli kwa moli, na utalazimika kuandika kwamba maganda yako hayanasi risasi kwa hiari huku umeona yanainasa. K iliyo ndani ya logi haina kizio. Ibadilishe kwanza: 0.05 mara miligramu 207,200 kwa moli ni lita 10,360 kwa moli, uigawanye kwa lita 1 kwa moli ya hali sanifu, nawe unapata −22.9.

Sasa jambo ambalo mtahini hakulitaja kwenye barua yako lakini atauliza siku ya utetezi. Risasi huanza kutua kama hidroksidi pH inapokaribia 6 na kupita, kutegemea wingi wake. Je, ulikuwa na chupa yenye risasi bila maganda, kwa kila pH? Bila hiyo, sehemu ya "kunaswa" kwako ni mashapo chini ya chupa. Weka pia chupa yenye maganda bila risasi, kwa sababu maganda ya ndizi huachia rangi ya kahawia na viambata ndani ya maji, na mtu atakuuliza kama umesafisha maji au umebadilisha uchafu. Blanki mbili hizo zingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa sura yako.

SWALI: Chuo chetu hakina NMR wala kifaa kikubwa. Nataka kufanya kemia ya kompyuta kwa uzamili. Je, inatosha?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Inatosha ukiwa na swali ambalo hesabu inaweza kulijibu. Programu ya hesabu ya ORCA hutolewa bure kwa wasomi, Avogadro itakuchorea molekuli, na kompyuta yenye kiini 4 na kumbukumbu ya gigabaiti 16 itamudu molekuli za atomi 40 hadi 60 kwa DFT, mbinu ya kukokotoa nishati kutokana na msongamano wa elektroni. Umeme ukikatika ndio shida yako kubwa: hifadhi faili za kati na ujifunze kuanzisha hesabu kutoka ilipoishia.

Tumia seti ya msingi ya def2-SVP kutafuta umbo na ile kubwa zaidi ya def2-TZVP kupata nishati, ukiongeza masahihisho ya D3 kwa nguvu za mtawanyiko. Kila umbo lipigiwe mitetemo. Umbo tulivu halina mtetemo wa namba za kufikirika hata mmoja, na hali ya mpito ina mmoja tu. Kumbuka jinsi makosa yanavyokua: kilojuli 5.7 kwa moli kwenye nyuzi 25 hubadilisha msawazo mara 10, na DFT ya kawaida hukosea kiasi hicho bila taabu. Kwa hiyo linganisha mienendo ya molekuli zinazofanana, na usitangaze namba moja kavu.

Kuhusu kuingiza molekuli za mimea kwenye protini kwa AutoDock Vina, tuko wagumu. Kwanza itoe ligandi, yaani molekuli ndogo iliyoshikwa na protini, iliyomo kwenye fuwele ya protini, uirudishe kwa programu, upime kama imekaa ndani ya angstromu 2 za mahali pake. Isiporudi, hayo mengine yote yasiandikwe. Na alama ya −9, ambayo ni makadirio ya programu ya nguvu ya kushikana, si ushahidi kwamba kitu ni dawa.

SWALI: Natengeneza kompleksi za kopa (shaba) zenye ligandi za besi ya Schiff, yaani molekuli za kaboni zinazoishika metali. Napata unga, sipati fuwele. Rafiki alinishauri nianze na kopa pakloreti. Sasa nina gramu 2 za unga wa kijani umekauka kwenye chujio la kioo, ninataka kuukwangua niujaribu tena.
Msomaji, Kampala

JIBU: Tunaanza na mwisho wa barua yako: usiukwangue. Kompleksi za metali zenye ligandi za kaboni na ioni za pakloreti zinaweza kulipuka kwa msuguano, joto au pigo, na chujio la kioo chenye vinyweleo ni mahali pabaya zaidi pa kupitisha kijiko cha chuma. Kwamba hadi leo haujalipuka si dhamana. Usiupashe moto, usiusogeze wala kuugusa, funga kioo cha kabati la kuvuta hewa, weka tangazo wenzako wasikaribie, na umwite msimamizi pamoja na mhusika wa usalama leo hii. Namna ya kuulowesha na kuuondoa waamue wao wakiwa mbele yake.

Kazi ijayo ianze na kopa asetati, nitrati au tetrafloroboreti, kwa kiwango cha miligramu 50 hadi 100. Kwa fuwele, yeyusha miligramu 5 hadi 10 kwenye mililita 1 ya kiyeyushi, chuja kupitia pamba ndani ya pipeti ili kuondoa vumbi, weka kwenye kichupa kidogo kilicho wazi, nacho kiwe ndani ya kichupa kikubwa chenye mililita 3 za dayethili etha, kisha funga kile kikubwa. Etha itaingia polepole. Kwenye joto la maabara zetu huingia haraka mno na kukupa unga uleule, kwa hiyo viweke kwenye nyuzi 4, katika jokofu la viyeyushi lisilotoa cheche, na usivitikise kwa wiki nzima. Fuwele ya milimita 0.1 hadi 0.3 inatosha. Iache ndani ya majimaji yake, kwa sababu ikikauka hupoteza kiyeyushi na kupasuka. Ukiipata, linganisha difraksheni ya unga wote na ile inayotabiriwa na fuwele moja, maana fuwele nzuri uliyoichagua kwa macho inaweza kuwa kitu tofauti na gramu zilizobaki.

Lakini hayo ni ya wiki ijayo. Chujio hilo lishughulikiwe kwanza.